Visa imebaki kwenye pasipoti iliyokatwa kona: nitaingiaje Ufaransa?

Swali: Shikamoo. Mimi ni binti wa Mwanga, hapa Kigoma Mjini, nasoma shahada ya uzamili Lyon, Ufaransa, na sasa niko nyumbani likizo. Pasipoti yangu ilikuwa imejaa mihuri, maana kabla ya masomo nilikuwa nikifuatana na mama kwenye biashara, Bujumbura na Uvira. Nikaomba mpya Uhamiaji, nikapata. Ya zamani nimerudishiwa ikiwa imekatwa kona, na visa yangu ya muda mrefu imo humo, inaisha 30 Oktoba. Tiketi nilishakata kwa namba ya pasipoti ya zamani, naondoka Dar 6 Septemba kupitia Amsterdam. Kijana anayetukatia tiketi mjini anasema visa imekufa pamoja na pasipoti, niombe upya. Binamu yangu anasema niibandue stika niihamishie kwenye mpya. Mama hapati usingizi. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwambie mama alale. Visa yako ni hai na huna haja ya kuomba nyingine. Utasafiri na pasipoti zote mbili: mpya ya kukutambulisha wewe ni nani, ya zamani ya kuonyesha ruhusa uliyopewa. Maelfu ya watu husafiri hivyo. Ila jibu hili lina masharti yake, na moja nimeliona kwenye tarehe ulizonitajia, nalo linanitia wasiwasi kuliko hiyo kona iliyokatwa. Nitalifikia.

Kijana wa tiketi amechanganya vitu viwili vilivyotolewa na serikali mbili. Pasipoti ni ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Uhamiaji walipokata kona walifuta kijitabu chao, yaani kuanzia siku ile hakikutambulishi tena kuwa msafiri. Visa ni ya Ufaransa, na Uhamiaji wetu hawana uwezo wa kuifuta hata wangetaka. Inakufa tarehe yake ikifika, au ikifutwa na walioitoa, au stika yenyewe ikiharibika. Hayo matatu ndiyo ya kuangalia, na la tatu unaweza kuliangalia sasa hivi ukiwa umekaa hapo barazani.

Fungua pasipoti ya zamani kwenye ukurasa wa visa, uusogeze kwenye mwanga. Mkasi ulipita wapi? Mara nyingi hukatwa jalada na kurasa za mwanzo, lakini karani mwenye haraka hubana kurasa nyingi pamoja, mkasi ukala na za katikati. Stika inatakiwa iwe nzima pembe zote nne. Picha yako ionekane, herufi D kwenye sehemu ya aina ya visa isomeke, na ile mistari miwili ya chini, yenye herufi kubwa, tarakimu na vialama kama vishale, isiwe imeguswa na kitu chochote, kwa sababu ndiyo inayosomwa na mashine. Muhuri wa kufutwa ukiwa kwenye kurasa nyingine hauna neno. Ukiwa umegongwa juu ya stika yenyewe, au mkasi au tundu limepita ndani yake, usiende uwanja wa ndege kujaribu bahati. Piga picha safi ya ukurasa huo na wa taarifa za pasipoti zote mbili, uwaandikie ubalozi wa Ufaransa Dar es Salaam, ueleze lini uliomba pasipoti mpya na lini unasafiri. Fanya hivyo wiki hii.

Na wewe unayesoma hapa ukiwa bado hujaenda kubadilisha yako, Kigoma, Tabora au popote, kabla hujaisukuma pasipoti dirishani mwonyeshe ofisa ukurasa wa visa umwambie: “Humu mna visa hai, naomba isiguswe, na kijitabu hiki nitakihitaji safarini.” Sentensi moja tu. Maofisa wanaielewa na wanaiheshimu, ila hawawezi kujua kilichomo ukurasa wa 17 kama hujawaambia. Usiondoke bila kijitabu cha zamani, na kikague hapohapo kabla hujatoka mlangoni.

Sasa la binamu. Mshukuru kwa nia njema, halafu umwombe akae mbali na stika hiyo. Stika ya visa imetengenezwa ili ichanike inapobanduliwa, na juu yake imechapwa namba ya pasipoti iliyotolewa nayo. Ukiibandika kwenye kijitabu kingine, namba hazitalingana, gundi itaonekana, na ofisa hataona mwanafunzi aliyetaka kurahisisha mambo. Ataona hati iliyochezewa, na visa hapo ndipo itakufa kwelikweli. Jambo hilo linaweza kukufuata kwenye maombi yako ya miaka ijayo. Vivyo hivyo kwa kishoka yeyote atakayekwambia ana mtu wa “kuhamisha visa” kwa bei nafuu. Visa ya nchi nyingine haihamishwi na mtu wa mtaani, si Lumumba wala Kariakoo.

Kuna jingine ambalo hukuliuliza, lakini najua litakujia kichwani, kwa kuwa pasipoti yako ilijaa tu, haikuisha muda. Tarehe iliyoandikwa ndani bado iko mbele, na kuna atakayekwambia: safiri na ile ya zamani tu, mbona haijaisha! Hapana. Pasipoti iliyofutwa imefutwa, hata kama tarehe yake ni ya miaka mingi ijayo. Ukiitoa peke yake kaunta utakuwa unajitambulisha kwa hati isiyokuwepo tena kwenye kumbukumbu za nchi yako. Inasafiri kama begi la visa, basi.

Jina. Hapa ndipo ninapoona watu wetu wakikwama zaidi, na ndiyo maana nataka uache kusoma kidogo uziweke pasipoti mbili wazi kando kwa kando mezani. Linganisha herufi kwa herufi: jina la kwanza, la kati, la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, jinsia. Tangu pasipoti za kielektroniki zilipozinduliwa Januari 2018, maombi hufungamana na kitambulisho cha taifa, na kitambulisho cha NIDA kina tahajia yake. Khadija anakuwa Hadija. Mariam anaongezwa u. Rashid wa cheti cha kuzaliwa anatoka Rashidi. Jina la babu ambalo halikuwemo mwanzo linaingia, au la kati linahamia mwisho. Nyumbani hakuna anayejali, wote tunajua ni wewe. Kaunta ya ndege haikujui, inajua herufi.

Ikiwa majina yanalingana, ruka aya hii. Ikiwa kuna tofauti, kanuni ya pasipoti mbili inaanza kuyumba, kwa kuwa nguvu yake yote ni kwamba mwenye hiki na mwenye kile ni mtu mmoja bila shaka. Kama kosa ni la uchapaji wa pasipoti mpya, rudi Uhamiaji mkoa mara moja warekebishe, hata kama itakupasa kusogeza safari. Kama tofauti ni ya kweli, mfano umeolewa ukachukua jina la mume, au ulirekebisha jina kwa hati ya kisheria, ubalozi ndio utakaokwambia kama hati hiyo inatosha kusafiria au visa itolewe upya. Usisubiri kuulizwa uwanjani. Cheti cha ndoa kilichoandikwa Kiswahili hakimsaidii ofisa wa mpakani Ulaya asiyekisoma.

Haya, tarehe. Visa yako inaisha 30 Oktoba na unaingia mapema Septemba, kwa hiyo mlangoni huna tatizo: kinachotakiwa ni visa iwe hai siku unayoingia. Lakini Ufaransa inataka mwenye visa ya muda mrefu inayohesabika kama kibali cha kuishi aombe kibali kipya mtandaoni kati ya mwezi wa nne na wa pili kabla ya visa kuisha. Kwako wewe dirisha hilo lilifunguka mwisho wa Juni na linafungwa mwisho wa Agosti. Yaani ukingoja ufike Lyon ndipo ufungue kompyuta, utakuwa umeshachelewa. Fungua akaunti yako kwenye tovuti ya serikali ile uliyothibitishia visa ulipofika mara ya kwanza, upakie ukurasa wa taarifa wa pasipoti mpya, ukurasa wa visa wa pasipoti ya zamani, barua ya chuo, na vingine watakavyotaka. Palipo na nafasi ya kueleza, andika kwamba pasipoti imebadilishwa, utaje namba zote mbili. Mtandao wa Kigoma ukisumbua mchana, jaribu alfajiri. Usiache.

Na tafadhali nielewe vizuri hapa, maana wengi wamebaki nje kwa kutoelewa. Ile karatasi ya kuthibitisha kwamba umewasilisha maombi haifungui mpaka. Ni risiti. Kinachokuingiza Ufaransa tarehe 7 Septemba ni stika ya D iliyo hai. Ungebadilisha tiketi ukarudi Novemba ukiwa na risiti hiyo pekee, ungekataliwa kupanda ndege. Mtu akikuomba usogeze safari kwa ajili ya harusi au arobaini, hesabu kwanza 30 Oktoba.

Tiketi haina shida kubwa. Tiketi hukatwa kwa jina, namba ya pasipoti ni taarifa inayoambatana nayo. Ingia kwenye tovuti ya shirika la ndege, sehemu ya kusimamia safari yako, ubadilishe namba, tarehe ya kutolewa na ya kuisha uweke za pasipoti mpya. Ukikwama, piga simu kituo chao cha huduma au mtume kijana aliyekukatia abadilishe, akupe uthibitisho uuone kwa macho yako. Ukiulizwa visa mtandaoni na mfumo ukagoma kuipokea kwa sababu namba hazilingani, achana nao, ukajiandikishie safari kaunta. Usijaze namba ya pasipoti ya zamani ili mfumo unyamaze.

Kaunta ya Julius Nyerere ndipo hasa safari yako itakapoamuliwa, kuliko hata mpakani. Shirika likimpeleka Ulaya abiria asiye na hati zinazotakiwa hulazimika kumrudisha na hutozwa faini ya maelfu ya euro, kwa hiyo mfanyakazi wa kaunta anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Fika mapema kuliko wenzako. Usimpe pasipoti mpya peke yake ukangoja aulize. Mpe zote mbili kwa pamoja, ya zamani ikiwa imefunguliwa ukurasa wa visa, useme: “Pasipoti hii ni mpya, visa iko kwenye hii ya zamani, nasoma Ufaransa.” Chini yake weka uthibitisho wa kusajili visa ulioupata mtandaoni ulipofika Ufaransa mara ya kwanza, na cheti cha usajili wa chuo cha mwaka unaoanza. Uthibitisho wa visa usiuache kwenye simu tu. Chapa, hata vibanda vya stesheni na karibu na soko vinachapa.

Ukimpata mgeni wa kazi akasema visa iliyo kwenye pasipoti iliyofutwa haifai, usipaze sauti wala usilie. Mwombe kwa upole aangalie kwenye Timatic, mfumo ambao mashirika ya ndege hutumia kujua masharti ya kila nchi, au amwite msimamizi wa zamu. Simama hapohapo kaunta. Ukiondoka kwenye foleni kwenda kutafuta wa kukusaidia, unawapa nafasi ya kufunga safari.

Kwa Uhamiaji wa kutoka nchini, utagongewa muhuri kwenye pasipoti mpya wakati muhuri wa kuingia uko kwenye ya zamani. Onyesha zote, wataona.

Amsterdam ndiyo itakuwa mlango wako wa eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hivyo ofisa wa Uholanzi ndiye atakayekukagua, si Mfaransa. Visa ya D ya Ufaransa inakuruhusu kupita hapo. Jambo jipya la kujua ni kwamba tangu 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kutumia mfumo wa kielektroniki wa kuandikisha wageni wa muda mfupi, unaochukua picha na alama za vidole na kuhesabu siku 90. Wewe haukuhusu. Wenye visa ya muda mrefu au kibali cha kuishi hawaandikishwi kwenye mfumo huo. Lakini ukitoa pasipoti mpya tupu, yenye kurasa nyeupe, ofisa ataona mgeni asiye na visa yoyote, au mashine itataka kukuandikisha kama mtalii. Kwa hiyo pita kwa ofisa, si kwenye mashine za kujihudumia, na pale tena toa zote mbili mara moja, ukurasa wa D ukiwa wazi.

Kuhusu safari ya kutoka huko kwenu hadi Dar. Ukija kwa treni, acha siku kadhaa katikati, kwani reli ya kati ina njia ndefu na ubalozi uko Dar. Jambo likitokea usilijue usiku wa kuondoka. Pasipoti zote mbili ziwe mwilini mwako, ndani ya mfuko mmoja wa plastiki unaofungika. Nasema hivi kwa sababu najua mama hatakuacha uende bila chupa ya mawese na dagaa. Mawese yakivuja kwenye begi yanaingia kila mahali, na stika ya visa iliyolowa mafuta ni stika iliyoharibika. Piga picha kurasa muhimu za vijitabu vyote viwili, ujitumie kwenye barua pepe, na umwachie mama nakala. Pasipoti ya zamani ikipotea njiani, ripoti polisi upate taarifa ya upotevu, kisha uende ubalozini: Ufaransa ina visa ya kurudi kwa watu wenye haki ya kuishi kule waliopotelewa na hati zao. Inachukua muda, lakini ipo.

Kwa kuwa barua kama yako hunifikia pia kutoka kwa wanaosoma na kufanya kazi kwingine, niwajibu kwa ufupi. Swali la kujiuliza kwanza ni kama ruhusa yako ni stika au ni kumbukumbu iliyo kwenye kompyuta ya nchi husika. Marekani na Kanada, visa ya stika iliyo hai kwenye pasipoti ya zamani inasafiri pamoja na mpya, mradi uraia ni uleule na stika haijaharibika. Uingereza ni kinyume kabisa: kadi za ukaazi walizozoea watu ziliisha 31 Desemba 2024, ruhusa sasa ni ya kielektroniki, na usipoingia kwenye akaunti yako ya uhamiaji ukabadilisha namba ya pasipoti kabla ya safari, shirika la ndege linaweza kukosa kuiona ruhusa yako hata ubebe pasipoti tano. Australia vivyo hivyo, visa imefungwa kwenye namba ya pasipoti na ni wajibu wako kuwaarifu. China wanakubali visa iliyo hai kwenye pasipoti ya zamani ikiwa taarifa zote zinalingana, ila mwenye kibali cha kuishi ana siku 10 za kuomba marekebisho pale taarifa za kibali zinapobadilika. Kabla ya kupanda ndege, waulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako. India, beba zote mbili, na ukifika wasilisha ombi la kuhamishia visa na usajili wako kwenye pasipoti mpya kwa ofisi ya kuandikisha wageni, kupitia mtandao wao.

Nirudi kwako. Ukifika Lyon, wiki ya kwanza peleka nakala ya pasipoti mpya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, benki, na bima ya afya, kwa kuwa wote wana namba ya zamani kwenye faili. Angalia akaunti ya maombi ya kibali kila baada ya siku chache; wakitaka hati ya nyongeza huandika humo. Na pasipoti ya zamani usiitupe, wala usiirudishe Kigoma na mtu, hadi kadi mpya ya ukaazi iwe mkononi mwako na namba iliyoandikwa humo umeihakiki.